STAA KAVAA KOFIA YA SAITI KWENYE BODA, SISI TUKABISHANIA WIGI

Mwenzenu nipo hapa Igawa, jua la Mbarali linawaka kama limetumwa, malori ya Tunduma yanapita moja baada ya jingine, na mimi nina jambo rohoni. Nimelikalia wiki nzima, leo nalitoa.

Wengi mmeiona ile klipu. Staa mmoja wa kike (jina kapuni, na nyie msije mkanitajia huko chini) kapanda bodaboda mjini. Gauni la maana, wigi limelala, wimbo wake mpya unapiga kwa nyuma, anacheka na kamera. Kichwani sasa! Kavaa kofia ya njano ya fundi ujenzi. Ile ile ya saiti. Haina povu la maana ndani, haina hata kamba ya kidevu, anaishikilia kwa mkono upepo usiichukue.

Nikaingia kwenye komenti. Nimesoma mpaka macho yakauma. Wapo waliosema gauni limembana. Wapo waliosema wigi ni feki. Wapo waliotaka kujua kama yule boda ndiye shemeji mpya. Timu pinzani wakasema kafulia, gari kauza, ndiyo maana kapanda boda. Mashabiki wake wakajibu kwamba dada yetu ana roho ya kawaida, hajisikii. Wakatukanana weee.

Mtu wa kuandika "dada, hiyo siyo helmeti" sikumuona. Hata mmoja.

Simsemi yeye kwa ubaya. Kapewa na boda, kavaa. Ndivyo tunavyofanya wote. Ukifika kijiweni unauliza bei, unabishana mia tano, unapanda. Boda akikupa kitu cha kuvaa unavaa, asipokupa humuulizi. Na akikupa, mara nyingi unakibeba kiwikoni kama mkoba. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mpaka siku ya yule shosti wangu.

NILIMSUKA MWENYEWE

Mnajua kwamba kabla sijawa mtu wa kuandika andika, nilikuwa nasuka. Bado nasuka, maana blogu hainunui mchele. Kuna shosti wangu wa hapa hapa, tumesoma wote mpaka kidato cha nne. Dada yake alikuwa na sendi ofu, nikamsuka rasta ndogo ndogo, saa sita nzima, mgongo unaniuma. Alipendeza, jamani. Akaita boda wampeleke Rujewa kwenye shughuli. Boda alikuwa kijana mstaarabu, akampa helmeti. Shosti akanigeukia, kama kuniuliza hivi.

Nikamwambia, "Usivae bwana, utazilaza nywele zangu."

Nywele ZANGU. Ndivyo nilivyosema.

Akaipakata mapajani. Ulikuwa msimu wa mavuno, watu wameanika mpunga pembeni ya barabara, mchanga na makapi kila mahali. Mbele kidogo mbuzi akakatiza, boda akashika breki, tairi la nyuma likateleza kwenye mchanga. Hawakuwa kwenye mwendo kabisa. Boda alichubuka mkono, helmeti yake ikakwaruzika ubavuni, akasimama. Shosti hakusimama.

Yupo hai, tunamshukuru Mungu. Lakini sendi ofu ya dada yake haikumbuki, hata asubuhi nilipokuwa namsuka haikumbuki. Kelele za draya za saluni zinamuumiza kichwa mpaka analia. Alikuwa anapiga hesabu za duka kichwani, siku hizi anaandika kila kitu kwenye daftari. Na zile rasta zilikatwa hospitali ili waone kidonda. Saa sita zangu zikaishia kwenye ndoo ya taka.

Hajawahi kunilaumu. Ndiyo maana naandika.

REFA ANAYEPIGWA MPIRA WA WENZAKE

Sasa nisikilizeni, nitawapeleka mbali kidogo halafu tutarudi kijiweni.

Juzi napitapita kwenye simu nikakutana na klipu ya besiboli. Msinicheke. Mchezo huo hata hapa kwetu upo, pale Azania Sekondari Dar kuna uwanja wake uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Kuna mrushaji, kuna mpigaji mwenye gongo, nyuma ya mpigaji kachuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji kainama refa. Refa hachezi. Harushi, hapigi, hadaki. Lakini mpira unatoka kwa mrushaji umbali wa mita 18 na kidogo, na kwenye ligi kubwa ya Marekani unafika kwenye kilomita 150 kwa saa. Ukiguswa kidogo tu na gongo unabadili njia na kumfuata refa usoni. Muda wa kukwepa hana, ni chini ya nusu sekunde.

Nikaona yule refa kapigwa, kichwa kimerudi nyuma, kakaa chini, halafu kanyanyuka. Nikaanza kusoma wanavaa nini. Kumbe mambo yao ni mazito. Wapo wa kinyago cha zamani, kile cha nondo nyembamba mbele na mito ya ngozi au kitambaa nyuma yake. Ni chepesi, hakina joto, kinavuliwa kwa mkono mmoja mpira ukipaa juu, na kikipigwa kinaweza kuzunguka au kuchomoka na kuondoka na sehemu ya nguvu ya kile kipigo. Wapo wanaopenda helmeti ya mtindo wa makipa wa hoki, inayofunika mpaka masikio na kisogo. Hiyo iliingia besiboli kupitia mdakaji mmoja, Charlie O'Brien wa Toronto Blue Jays, mwaka 1996, baada ya kuangalia makipa wa hoki wanavyovaa. Inafunika zaidi, ila ni nzito na ina joto.

Wanabishana mpaka leo ipi bora. Lakini angalia wanachobishania: ipi inanikaa, ipi inaniacha nione vizuri, na nikipigwa ile nguvu inaenda wapi. Hakuna refa anayefika uwanjani akauliza, "Mna kofia yoyote hapo niazime?" Anakuja na yake, imepimwa kichwa chake, mito yake anaifahamu.

Abiria wa boda ndiye yule refa. Hushiki usukani, hushiki breki, mbuzi humuoni vizuri kwa sababu mgongo wa dereva umekukinga. Kila kosa la mwenzio unalipokea wewe. Halafu wewe ndiye uliyevaa kofia ya saiti.

KOFIA YA SAITI NI YA SAITI

Niiseme vizuri maana wapo watakaosema nachonga. Kofia ya fundi siyo mbaya, imetengenezwa kwa kazi yake. Kazi yake ni tofali au nyundo inayodondoka kutoka juu ikukute wima. Kwenye boda hudondokewi, unadondoka wewe. Unapiga ubavu wa kichwa, kisogo, paji, kidevu. Na kabla hujafika chini ile kofia imeshakuacha, ipo mtaroni, maana haina kamba.

Helmeti ya kweli ina vitu vitatu. Gamba gumu la nje linalosambaza kipigo ili kisiingie sehemu moja. Kamba ya kidevu inayohakikisha mnaenda chini pamoja. Na katikati kuna povu gumu jeupe, linafanana na lile linalokuja na tivii mpya kwenye boksi. Hilo ndilo lenye kazi. Kichwa kikigonga lami kinasimama ghafla, ila ubongo ndani bado upo safarini. Lile povu linakubali kupondeka, linakupa nafasi kidogo ya kusimama taratibu. Ni kama yai kwenye trei na yai kwenye meza.

Ndiyo maana helmeti iliyokwishapata ajali haifai tena hata kama nje inang'aa. Povu likishapondeka halirudi. Na ndiyo maana helmeti ya mtumba ni kamari, hujui imetoka kichwani kwa nani na yalimkuta yapi.

Na hii habari haikuanza jana. Mwaka 1935 kuna staa wa zama zile, Mwingereza T.E. Lawrence, yule waliyemwita Lawrence wa Arabuni. Alikuwa mgonjwa wa pikipiki kama vijana wa Mbeya mjini. Akakwepa watoto wawili wa baiskeli, akaanguka, hana kitu kichwani, siku sita baadaye akafa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, jambo lile halikumtoka moyoni. Akaanza kuchunguza vichwa vya wanajeshi wa pikipiki wanaopeleka barua, akaandika mwaka 1941 kwamba helmeti zinaokoa, na jeshi la Uingereza likawavalisha wapeleka barua wake. Hesabu iliyowahi kutajwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia kama 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Yaani kati ya vichwa kumi ambavyo vingepasuka, karibu saba vinarudi nyumbani.

UNACHAGUAJE SASA

Wengine tunaiita elementi, haina shida, iite unavyotaka. Cha msingi ifanyie haya kabla hujatoa hela.

Kwanza, pima kichwa. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio. Utapata namba, tuseme sentimita 57. Namba hiyo huwa imeandikwa ndani ya helmeti. Kama unasuka rasta, pima ukiwa nazo.

Pili, ivae, funga kamba, kati ya kamba na kidevu viingie vidole viwili tu. Tikisa kichwa kama unakataa mahari. Ikicheza peke yake, kubwa. Halafu mwambie mwenzio aishike kwa nyuma kwenye kisogo aisukume kwenda mbele. Ikitoka kichwani, irudishe dukani, maana barabarani itatoka hivyo hivyo. Mashavu yabanwe kidogo kama shangazi kakushika, paji lisiume.

Tatu, bonyeza ndani chini ya kile kitambaa. Ukikuta povu gumu nene, endelea. Ukikuta sponji laini kama la godoro, au plastiki tupu, hilo ni bakuli. Mrudishie mwenye duka bakuli lake.

Nne, angalia kamba. Helmeti zilizopimwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa huwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye kamba, kina herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Kukiwa na herufi P, maana yake hata sehemu ya kidevu imepimwa kukulinda. J ni ile iliyo wazi usoni. Stika ya kubandika nyuma isikubabaishe, stika kila mtu anachapisha.

Tano, kioo. Kwa sisi wa barabara hii, usichukue cheusi kwa ajili ya swaga halafu ukasafiri nacho usiku. Lori la kwenda Tunduma likikuwashia taa zote usoni, na kioo chako kina mikwaruzo, huoni kitu kabisa.

Na ukishainunua, usiipulizie rangi ya Simba wala Yanga, usiisafishe kwa petroli. Zile kemikali zinakula gamba na povu. Maji na sabuni vinatosha.

VISINGIZIO NAVIJUA VYOTE

"Inanuka." Kweli inanuka! Helmeti ya kijiweni imevaliwa na watu arobaini tangu asubuhi, ina jasho, ina mafuta ya nywele, ina mba wa watu. Sikulaumu. Zamani watu walivaa mfuko wa rambo ndani, nayo mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019. Vaa mtandio mwembamba, au kofia ya kuogea, haijazi nafasi. Lakini jibu lenyewe ni kuwa na yako. Mswaki huazimi, kitana cha mtu unakikataa, kwa nini hii uishee na mji mzima?

"Nitaharibu nywele." Mimi ndiye msusi, nisikilizeni mimi. Rasta zifunge chini kabisa kwenye shingo, usifunge fundo utosini maana helmeti itakaa juu kama chungu kwenye kata. Wigi livue, liweke kwenye mfuko, ukifika unavaa, dakika mbili, kioo cha simu unacho. Nywele zikilala nitazisuka tena. Nimeshajifunza ni kipi sitaweza kukisuka tena.

"Joto." Hapa Mbarali joto lipo, sibishi. Ukipanda kwenda Makambako au Iringa mwenyewe utaitafuta maana baridi ya kule inakata masikio.

"Bei." Hapa ndipo penye ugumu. Nzuri siyo rahisi. Mimi nilidunduliza vichwa vya kusuka, kimoja kimoja, mpaka ikafika. Dada anayelipwa kwa siku akiniambia hana, namuelewa, na huyo namwambia avae hata ile ya boda mradi ina povu na kamba, bora kuliko kuipakata. Lakini mwenye wigi la laki mbili akiniambia hana hela ya helmeti, huyo simuelewi. Tumekubali kulipia kinachoonekana kwenye picha tu.

"Ni hapo karibu tu." Shosti alikuwa anaenda hapo karibu tu.

Na kuna kile ambacho hatukisemi: tunaona aibu. Abiria akifika na helmeti yake mkononi, kijiwe kizima kinacheka. "Oya, rubani kaja!" Mimi wananiita Rubani mpaka leo hapa Igawa. Sasa nimezoea, na wawili watatu wameanza kuniuliza niliinunua wapi.

Nenda Kigali uone. Pale ukisimamisha pikipiki, dereva ana helmeti mbili, ya kwake na ya kwako, na hakuna anayekucheka kwa kuvaa. Ukikataa ndiyo unaonekana mshamba. Sio kwamba wao wana vichwa laini kuliko vyetu. Wameamua, na wakasimamia. Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, enzi ambazo boda kama biashara haikuwepo, na mpaka leo tukimuona trafiki ndiyo tunavaa, tukimpita tunavua. Tunamvalia trafiki. Trafiki hatakuja kukaa na mama yako wodini.

KWA MASTAA WETU

Nirudi kwa yule dada wa klipu, na wenzake wote, wa kiume na wa kike, maana yupo na kaka mmoja wa Bongo Fleva kwenye video yake kapakia warembo wawili mshikaki, wote vichwa wazi, kundi la boda nyuma yake nao vichwa wazi. Video kali, siwezi kusema uongo. Wimbo naupenda.

Ila mnajua nguvu yenu. Mkivaa kiatu, wiki ijayo Kariakoo kimejaa. Mkisuka mtindo, mimi huku Igawa naletewa picha yenu kwenye simu, "nisuke hivi". Sasa hebu mmoja wenu avae helmeti kamili, imfunge vizuri, yenye rangi anayoitaka, apige picha akiwa kapendeza. Mimi naapa, ndani ya mwezi mabinti watakuwa wanabishana helmeti ya nani kali. Huo ndio ubishi nautaka kwenye komenti. Mtakuwa mmefanya zaidi ya mabango yote ya barabarani kuanzia hapa mpaka Dar.

Na ndugu zangu boda, mnatubeba usiku na mvua, nawaheshimu. Nunueni ya pili yenye povu na kamba. Abiria akiipakata mapajani, usiwashe pikipiki. Mwambie, "Dada, vaa twende." Akikuletea habari za nywele, mwambie kuna msusi mmoja wa Igawa kasema ataziosha na kuzisuka tena. Siyo bure, lakini bei ya ndugu.

Shosti nilimsomea hii kabla sijaiweka. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, "Nilipendeza siku ile?" Nikamwambia ulipendeza sana. Akasema basi iweke.

Haya, povu ruksa hapo chini. Ila kwanza niambieni: mara ya mwisho ulipopanda boda, helmeti ilikuwa kichwani au mapajani?